Mafuta ya Shamsi na ya Shamsia

Harufu ya kidonda ilikuwa imeshafika mpaka dukani. Shamsia aligonga mlango wa chumba cha pacha wake hadi vidole vikamuuma.

"Fungua, Shamsi. Gari iko nje, twende hospitali."

"Nenda wewe! Tumelala tumbo moja, tunakula chungu kimoja, unene wetu mmoja. Hicho kisukari kilikurukaje wewe kikanikuta mimi?"

Swali hilo ndilo lililokuwa likiitafuna nyumba yao tangu mwaka 2014 uanze. Kasulu nzima iliwajua wale pacha wanene wa duka la vitenge. Sasa kaka alikuwa akinyauka kwa kiu na kidonda cha mguu, dada haumwi hata kichwa. Mganga mmoja wa kijiji cha Kitanga alisema mchawi ni ndugu wa damu, na Asmahani, mke wa Shamsi, akayameza maneno hayo mazima.

Shamsia alirudi nyuma, akauvamia mlango kwa bega. Komeo liling'oka. Kaka yake alikuwa kitandani, jicho limelegea, vidole viwili vya mguu vimekuwa vyeusi. Akambeba mgongoni.

Asmahani akaziba njia. "Hutoki naye, wifi. Umeshamla vya kutosha."

"Basi panda gari, uje uone ninapommalizia!"

Akapanda.

Daktari Makarius alivikata vile vidole viwili. Baadaye, kando ya kitanda cha Shamsi, Asmahani alimkabili: mbona ugonjwa umechagua mmoja?

"Ndani ya mafuta ya tumbo mna askari wa mwili, wale wanaopigana na maradhi," daktari alisema. "Mtu akinenepa, wanaweza kuchachamaa na kuvuruga kazi ya sukari. Watafiti wameona kwa panya kuwa askari wa madume huchachamaa zaidi kuliko wa majike. Kwa binadamu bado wanachunguza, ila wanaume wengi huwahi kuugua. Pacha hawa ni mwanamume na mwanamke, mama. Mwili wao si mmoja." Akamgeukia Shamsia. "Nawe usijidanganye. Hedhi ikikoma, nafuu hiyo hupungua. Umewahi kupima?"

Hakuwahi. Alinyoosha kidole, daktari akakidunga. Wote wakakikodolea macho kile kipimo kidogo.

Sukari yake ilikuwa bado salama.

Asmahani aliinama. "Wifi, nilikukosea."

Shamsia alimpa mgongo, akamfunika kaka yake shuka. Shamsi ndiye aliyesema, kwa sauti ya kukwaruza, "Punguza ugali, pacha. Mimi sina vidole vya kukuazima."