Kikombe Kitupu cha Mzee Uzi

Mzee Uzi aliitaka nishani ile, na hakuona sababu ya kujifanya haitaki. Wengine wakiulizwa huinamisha kichwa na kusema heshima ni ya Mungu. Yeye ukimuuliza alikujibu, "Naitaka, tena nivishwe nikiwa nimesimama, si niletewe kaburini." Mkewe alikuwa ameshampeleka kwa fundi kushonewa suti. "Chanda chema huvikwa pete," alimwambia, "na hicho chako kimengoja mno."

Alikuwa daktari wa upasuaji tangu kichwa chake kikiwa hakina mvi, na jina la Uzi alipewa na wauguzi, maana mshono wake ukishapona ulihitaji miwani kuuona. Mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Kila hospitali kubwa ilitakiwa kupendekeza daktari mmoja wa upasuaji kwa nishani ya taifa. Akiikosa mwaka huo, ndiyo basi tena.

Kikwazo chake alikuwa amekijenga kwa mikono yake mwenyewe. Zamani, alipokabidhiwa ukuu wa idara, aligundua kwamba aibu inaua wagonjwa kuliko kisu. Daktari akikwama, badala ya kuita mwenzake, hukazana peke yake asije akachekwa kesho. Basi Mzee akaweka utaratibu. Ukikwama hupigi kelele. Sista mkuu wa chumba cha upasuaji huchukua kikombe kitupu cha Mzee, akaenda kukiweka mbele yake popote alipo, naye Mzee huinuka kama mtu anayefuata chai. Akishasaidia, huyo anaondoka. Na kanuni ilikuwa moja tu: anayeitwa haandikwi. Upasuaji hubaki kwa jina la aliyeuanza, na nje ya mlango ule hakuna anayefungua mdomo. Yeye mwenyewe alijipangia upasuaji mdogomdogo, ili akiitwa aweze kuinuka.

Siku ya kuchagua jina, madaktari walikusanyika katika chumba chao cha mapumziko, pamoja na Mjumbe aliyetumwa na kamati ya nishani. Aliyekosekana ni Komando, ambaye alikuwa na mgonjwa mezani. Komando hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na mikono mizuri kweli, na alijisifu waziwazi kwamba hajawahi kumpelekea mtu kikombe.

Mjumbe akasoma kazi za kila mmoja. Za Komando zilikuwa maini, makongosho na mishipa mikubwa ya damu. Akafika kwa Mzee Uzi. "Ngiri," alisoma. "Uvimbe wa mgongoni. Ngiri. Ngiri tena." Akatabasamu. "Mzee, naona umeamua kuanza kupumzika mapema."

Maneno hayo yalimchoma Mzee. Mama Haraka, daktari aliyekuwa akifanya kila kitu mbiombio isipokuwa kupasua, aliruka kutoka kitini. "Mheshimiwa, kabla hujacheka, mimi mwenyewe..."

"Mwanangu, kaa," Mzee alisema.

Akakaa, mdomo umevimba. Mzee akasimama ajitetee mwenyewe, maana mdomo haukuwahi kumpungukia. Alikuwa ndiyo kwanza anakohoa kusafisha koo wakati Sista mkuu alipoingia na kuweka kikombe kitupu mbele yake.

Aliyekuwa mezani saa ile ni mmoja tu, na wote walimjua.

"Mzee, unakwenda wapi?" Mjumbe alishangaa. "Ni zamu yako kusema."

"Nafuata chai, baba. Endeleeni."

Alinawa mikono, akavishwa glavu, akaingia. Komando alikuwa amezamisha mkono tumboni mwa mgonjwa, akikandamiza mahali palipokuwa pakivuja, na maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Shikamoo, Mzee," alisema. Miaka yote alizoea kumwambia "habari" tu.

"Marahaba. Usiutoe huo mkono. Nipishe kidogo upande huu."

Wakafanya kazi. Uzi ulipita, ukapita tena, mpaka damu ikakatika na mashine ya mapigo ya moyo ikatulia.

"Huko si mnapiga kura?" Komando aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tunapiga."

"Utawaambia?"

"Niwaambie nini? Mimi nimekuja kunywa chai. Haya, funga mwenyewe, mgonjwa ni wako."

Aliporudi, madaktari walikuwa wameshaondoka. Mjumbe alikuwa amebaki peke yake, na mbele ya kiti cha Mzee palikuwa pamejaa vikombe vitupu.

"Wote wamekuchagua wewe," Mjumbe alisema. "Nikawauliza sababu. Hakuna aliyenijibu. Kila mmoja kaja kuweka kikombe hapa, kajiendea zake. Nyinyi watu mna nini?"

Kabla hajajibiwa, Komando aliingia, kofia ya upasuaji bado kichwani. Akachukua kikombe rafuni, akakiweka pamoja na vingine, akatoka bila kuaga.

"Basi niambie wewe," Mjumbe alisema. "Niandike sababu gani?"

Mzee Uzi alivitazama vile vikombe. Neno moja lingetosha. Lakini neno likishaandikwa lingesomwa, na kesho kuna daktari angekwama, akaikumbuka karatasi hiyo, akachelewa kuita.

"Andika ngiri," alisema.

"Ngiri tu?"

"Ngiri si mchezo. Muulize mwenye nayo."

Majina ya waliopewa nishani yalipotangazwa, lake halikuwemo. Lilimuuma, tena sana, na hakumficha mkewe.

"Na suti je?" mkewe aliuliza.

"Nitaivaa kazini. Siwaachii nondo waitoboe."

Jumatatu aliingia hospitalini amependeza kama bwana harusi. Hata hajakaa vizuri, Sista akatua kikombe mbele yake. "Komando," alinong'ona. Mzee akavua koti, akalitundika msumarini, akaharakisha, akijiandaa kukuta bahari ya damu.

Hakukuta hata ya kujaza kijiko. Mgonjwa alikuwa ametulia, na Komando amesimama, mikono juu ya kitambaa, hajagusa kitu.

"Nimefika mahali sipaelewi, Mzee," alisema. "Nikaona niite kabla sijaharibu."

Nyuma ya barakoa, Mzee Uzi alicheka mpaka mashavu yakamuuma.

"Vizuri, mwanangu," alisema. "Sogea, tutazame."