Kabla ya Saa Nane

...na kikombe cha chai ya rangi bado kimenyooshwa mbele yake, Anselmo, baba wa marehemu, anamkaribisha chai aliyemgonga mwanawe kwa gari, nani amewahi kuona jambo kama hili, afadhali angempiga, afadhali angemtukana hapa hapa kwenye mkeka wa matanga mbele ya majirani wa Temeke, lakini huyu Mmakonde anasema tu, "Kunywa, mwalimu, hukuweza kusimama," na Adelard anatikisa kichwa kukubali, hukuweza, hukuweza, matairi yalikuwa kipara, na nani asiyejua kuwa matairi hayapatikani nchi nzima, breki nazo zilikuwa... hapana, breki zilikuwa nzima, aache kujidanganya, ilikuwa Jumapili inakaribia saa nane, na saa nane ikifika Jumapili gari la mtu binafsi halitakiwi barabarani, ni amri, petroli hakuna, basi akakanyaga mafuta awahi nyumbani, mwalimu mzima asimamishwe na polisi, wanafunzi wacheke... na watoto nao walikuwa wakiisubiri saa nane hiyo hiyo ili lami iwe uwanja wao, saa hawana, wanasikiliza tu barabara ikinyamaza, na ilikuwa imenyamaza, maana wenye gari wengine walishafika makwao, amebaki yeye, Benedikto, mwana wa Anselmo, akatoka na mpira wake wa matambara... "Asante," amesema Adelard, au hajasema? Anselmo anaendelea kuongea, kitu kuhusu tezo yake ya kuchongea, naye kimawazo yuko darasani, ubaoni, chaki mkononi, mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama unazidi mara nne, andikeni, na kabla mguu haujafika kwenye breki gari linakwenda tu kama vile hujaona kitu, na pale gari la polepole linaposimama, la haraka bado linakimbia, andikeni, wakaandika, akafuta ubao. Pale. Kwa mwendo wa polepole, kabla ya kuufikia mpira angekuwa amesimama, ameshusha kioo, anagomba, "We mtoto, huoni?" na Benedikto angekimbia akicheka... "Mie mchongaji, mwalimu," anasema Anselmo, "tezo ikishashuka huizuii, hata uwe fundi vipi, tumwachie Mungu," maneno ya huruma, anayataka, Mungu wangu anavyoyataka, karibu ayameze, ila macho yameangukia vidole vilivyoshika kikombe, vidole vya mtu aliyechonga mpingo tangu yuko Newala, na vyote vipo, hakuna kilichokatika, kwa sababu tezo haizuiwi ikishashuka, nguvu yake hupimwa ikiwa bado juu, na mikono hii inalijua hilo, basi mwenye mikono anajua, au hajui, au anajua na bado anamimina chai, na Adelard hana tena pa kujificha, si matairi, si amri, si Mungu, angeweza kusimama, angeweza, na hakuna wa kumwambia hivyo, Anselmo anasema tu, "Kunywa, mwalimu, itapoa," na kikombe bado kimenyooshwa.