Picha Iliyotolewa kwenye Fremu

Tangu Alhamisi bweni lilikuwa karibu tupu. Jeanne, aliyelala chumba kimoja na Djamila, alikuwa amekwenda kwao Pweto kwa likizo fupi. Djamila, ambaye kwao ni Tabora, hakuwa na pa kwenda. Njia ya kwao inapita mpakani Kasumbalesa, inaikata Zambia nzima, na likizo ingekwisha yeye angali ndani ya basi. Jumamosi asubuhi alichoka kusikiliza bomba likidondoka bafuni. Akavaa viatu akatoka kwenda kuutazama mji ambao, kwa muhula mzima wa kusomea miamba, alikuwa ameuona kupitia madirishani tu.

Alianzia makumbusho. Mbele ya misalaba ya shaba, ile iliyokuwa fedha ya watu wa zamani, aligeuka amwambie mtu kwamba kumbe ni mikubwa kiasi hiki, akakuta nyuma yake ukuta. Baadaye alitokea kijana na mchumba wake, wakamwomba awapige picha. Akawapiga.

"Na weye, tukupige?" kijana akauliza.

"Hapana, asante." Angesimama na nani?

Kutoka hapo akaenda soko la Kenya, mtaa ambao jina lake lilikuwa limemchekesha sana mama yake kwenye simu. Akainama kwenye kirundo cha samaki wadogo waliokaushwa. "Samahani mama, hawa dagaa unauzaje?"

Mwenye meza alipiga makofi kwa furaha. "Mukuya musikiye huyu! Iko anasema sawa bantu ba ku radio! Haba ni kapenta, mutoto wangu." Wenzake wakasogea, wakamtaka aseme tena, akasema. Hawakuwa na ubaya wowote. Ila ilipofika kutaja bei, yule mama alimjibu kwa Kifaransa, polepole, kama anavyojibiwa mgeni. Djamila alinunua akaondoka haraka. Siku ile aliyofika alijipa moyo kwamba walau lugha anayo. Sasa hata lugha ilimpokea mlangoni na kumwekea kiti cha wageni.

Nyuma ya soko palikuwa na duka la vitu vya zamani: redio za mbao, pasi za mkaa, cherehani zilizopoteza magurudumu. Mwenye duka, mama mmoja aliyeitwa Lydie, alikuwa amepakata fremu kubwa, akiichokonoa kwa kisu. Ikachomoka picha nyeusi na nyeupe: familia nzima uani, wazee vitini, vijana wamesimama, na mwanamke wa katikati amebeba mtoto mchanga. Mama Lydie akaiweka chini, juu ya magazeti ya kufungia.

"Hawa ni nani, mama?"

"Sijue. Balihama, ao balikufa. Bantu banauza kadre na foto yake mule ndani. Lakini mwenye kununua anataka kadre tu," akasema akiigonga ile fremu.

"Naweza kuichukua?"

Mama Lydie alimtazama kama binti yake. "Kamata, ma fille. Kamata tu."

Jua lilikuwa bado juu aliporudi bwenini. Alikuwa akiibandika picha ukutani wakati Kiki, msichana wa chumba cha mbele ambaye hakuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, alipochungulia.

"Ya Djamila," akasema, akimwita kama dada mkubwa, "kumbe hukuenda! Bale bote ni ba kwenu?"

Neno la kweli, hapana, lilikuwa fupi tu. "Ndiyo," Djamila akasema.

Kiki akaingia. Akataka kujua mama ni yupi, na Djamila akaonyesha. Akaonyesha baba, shangazi, mjomba, kila mmoja akampa jina la mtu wake wa Tabora, na kadiri alivyotaja, ndivyo chumba kilivyoonekana kujaa.

"Na huyu mutoto? Banamuita nani?"

Kwao kulikuwa na mtoto kweli, wa dada yake, aliyezaliwa yeye akiwa huku. Hajambeba hata siku moja. Djamila alifungua mdomo amtaje, yakamtoka machozi.

"Alikufa?" Kiki akauliza kwa sauti ya chini.

Djamila aliinama kujifuta machozi, na Kiki akalichukua hilo kuwa ndiyo. Akatoka, akarudi na sahani ya bukari, ugali wa huku, na sombe ya majani ya muhogo, wakala pamoja kitandani. Kisha Kiki akaweka tonge chini.

"Miye pia. Mudogo wangu, Jephté. Hapa chuo sikuambiaka muntu."

Akamsimulia yote: homa, usiku wa hospitali, viatu vidogo ambavyo mama yao alikataa kuvigawa. Djamila alimshika mkono. Mara mbili alitaka kusema ukweli, na mara mbili aliuona ule uso na kunyamaza. Angeanzia wapi? Mtu amekufungulia kidonda chake kwa sababu anaamini una chako.

"Aksanti, Ya Djamila," Kiki alisema akiinuka. "Kesho nitakuya tena."

"Karibu sana."

Mlango ukafungwa. Ndiyo kwanza apate rafiki katika mji huu, na hakuna siku aliyojiona yuko peke yake kama hiyo. Akaibandua picha ukutani, akaishika muda mrefu. Kisha akakumbuka kwamba Kiki atakuja kesho, akairudisha pale pale.