Utukufu wa Isidore

Siku ile mjinga alikuwa Fabien, tusimsingizie mwingine. Alinawa uso, akachana nywele, akaenda kanisani Baraka kupiga kinanda cha kukanyaga kama Jumapili zote. Waimbaji waliingia na nyuzi za pamba nywelini. Msimamizi wa mashamba ya lazima alikuwa amewatoa vitandani kabla ya jua, maana mwaka huo wa hamsini na sita pamba haikujua Jumapili.

Padri mgeni, Mzungu, alikuwa ametoka Bukavu kutafuta kijana wa kumpeleka kusomea muziki. Mmoja tu, na Baraka ilikuwa na watunzi wawili. Fabien alitunga misa ambayo sauti zake husuguana makusudi; padri wa misioni akamwambia zinapigana kama mbuzi kwenye lori. Isidore, mshona viatu asiyejua hata kukanyaga kinanda, alitunga wimbo wa Utukufu ambao akina mama waliuimba mpaka kwenye kinu cha muhogo. Huo ndio mgeni angesikilizishwa.

Fabien alijaribu kuuchukia, akashindwa. Hata sasa, akipangusa vumbi la kinanda, alijikuta anaupigia mluzi. Hapo ndipo palipomuuma.

Mgeni alipoketi, Fabien akatoa sauti ya kuanzia. Akaipandisha ngazi mbili juu ya walipozoea. Katika kwaya ile hakuna aliyebishana na kinanda: kikilia, unafuata. Adolphine, kiongozi wa sauti za wanawake, alimtupia jicho, akafuata. Wimbo ulipofika pa kupaa, makoo yaliyojaa vumbi la shambani yakaanza kupasuka. La Adolphine lilikatika katikati ya neno. Mtu akacheka nyuma.

Mgeni akachukua kofia yake.

"Hamjakomaa bado," alisema kwa Kiswahili cha darasani.

Fabien alisimama haraka, benchi likaanguka. "Padri, mi pia niko na misa yangu."

"Nimesema ninyi nyote."

Gari likashika njia ya Uvira, kiti cha pembeni kitupu.

Nje, Isidore alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa, mikono yake ya gundi imelala magotini.

"Ulianza juu, ndugu yangu."

"Kinanda iko na baridi," Fabien akajibu.

"Baridi inapandisha sauti?" Adolphine aliuliza. "Hiyo ni baridi ya wapi?"

Waliobaki wakaguna. Fabien akawaka.

"Munaniangalia mi? Muangalie ule muzungu! Anatupima bote na wimbo moya, anaenda zake. Na muziki hajue hata kidogo."

Adolphine alikaza kitambaa chake kichwani. Sauti yake ilikuwa bado ina mikwaruzo.

"Hajue, ni kweli. We unajua. Njo maana ulijua fasi ya kutukata sauti."