Kitufe cha Kumwalika Bi Mvuke

Meza ninayofanyia kazi ni meza ya chakula. Asubuhi naiondoa kompyuta ili watoto wanywe chai, mchana naiondoa tena, jioni naiondoa tena, na kila nikirudi nakuta chembe za mkate zimeingia kwenye kibodi. Kwenye meza hiyo nimetengeneza tovuti ya duka la vioo, ya shule ya chekechea na ya daktari wa meno. Zote zilitoka vizuri, na zote nilizitengeneza kati ya mlo na mlo.

Kwa hiyo kampuni moja ya matangazo ilipotafuta mtu wa tovuti, sikupoteza muda kujiuliza kama ninafaa. Diploma ninayo na kazi naijua. Nilitaka ajira, na zaidi ya ajira nilitaka meza ambayo hakuna mtu angesimama pembeni yake akaniambia, "Mama, sogeza, tunakula."

Tulibaki watatu, tukapewa mtihani mmoja. Kila mtu atengeneze tovuti ya kumtangaza mwanamuziki ambaye hayupo: jina, sura, sauti, historia, kila kitu cha kubuni. Ruksa kumpiga picha mtu aliyekubali, kama mwigizaji tu, lakini mwanamuziki mwenyewe asiwe mtu wa kweli anayewaimbia watu.

"Tukigundua yupo, umetoka," alisema msimamizi wa mtihani, kijana mwenye miwani ya fremu nyekundu. "Hatutaki kesi za watu. Jumatatu asubuhi, hapa hapa."

Nilijua wenzangu wangeleta nini. Mwanamuziki kijana mwenye miwani ya jua, moshi, gari la kuazima. Nikarudi nyumbani nikiwaza mtu wa kunitoa kwenye moshi, nikamkuta mama mkwe wangu anapiga pasi.

Mama mkwe anaishi nasi. Alipiga pasi kwenye kiwanda cha nguo mpaka akastaafu, na kustaafu hakukumwachisha. Anapiga pasi mashati, mashuka, soksi na vitambaa vya kufutia vyombo. Akishika pasi, anaimba. Nyimbo ni zake mwenyewe, hazina majina, na anaziimba kwa sauti nzito ya chini kama mtu anayelisimulia shati habari za mwenye shati. Sisi tulikuwa tumezoea. Tulimsikia kama tunavyolisikia friji.

"Mama," nikamwambia, "simama hapo hapo. Nataka sura yako."

"Yako imeharibika?"

"Nataka kukufanya mwanamuziki. Wa uongo."

Akaligeuza shati, akalipiga kola. "Na huyo wa uongo atavaa nini?"

Akavaa gauni lake la bluu. Nilitundika shuka jeupe mlangoni, nikalirushia maji shuka jingine lililokuwa mezani, akalipiga pasi, mvuke ukapanda, nikapiga picha akiwa katikati ya mvuke. Nilimwomba atabasamu.

"Sitabasamu. Msanii anayetabasamu anauza dawa ya meno."

Sauti niliirekodi chumbani. Sebule yetu ina mwangwi kama tangi tupu, kwa hiyo nilifungua kabati nikamsimamisha uso ukiwa ndani ya makoti ya mwanawe, maana nguo humeza mwangwi. Akaliimbia kabati wimbo mmoja, mara moja, bila kukosea. Nilipozima simu alisema, "Hili koti linanuka grisi." Mwanawe, yaani mume wangu, ni fundi magari.

Nikampa jina la Bi Mvuke. Nikamtungia historia, nikamsomea: albamu tatu, ziara za nchi jirani, tuzo moja.

"Tatu tu?"

"Mama, hujatoa hata moja."

"Ndiyo nakuuliza. Kama ni uongo, unabania nini?"

Nina sharti moja katika kazi yangu. Kitu kikionekana kinabonyezeka, lazima kibonyezeke na kifanye kilichoahidi. Tovuti ya hiyo hiyo kampuni iliyotupa mtihani ilikuwa na kitufe cha "Wasiliana Nasi" ambacho ukikibonyeza kinakutazama tu. Nilikibonyeza kila siku wiki ile, nione kama kuna mtu atakumbuka kukitengeneza. Wapi!

Basi mimi kitufe cha "Mwalike Bi Mvuke" nikakiunganisha na namba ya simu. Yangu haikai kimya, kwa hiyo niliweka ya mama mkwe, ambayo hupigiwa na dada yake tu. Nikajaribu kwenye simu ya mume wangu, yenye kioo kilichopasuka, kwa sababu tovuti isiyofunguka kwenye simu mbovu ni mapambo. Nikabonyeza, simu ya mama ikaita sebuleni, nikaridhika.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa kufanya kazi vizuri. Ile tovuti ilibaki wazi kwenye simu ya mume wangu. Kesho yake akaituma kwenye kundi la mafundi wenzake, akaandika chini: "Mama yangu huyo." Mafundi wakawatumia wenye magari.

Alhamisi mchana nilikuwa jikoni naosha vyombo nikasikia mama mkwe anaongea na simu kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, ya mtu mwenye ofisi.

"Ndiyo, ndiye mimi. Jumamosi hii? Ngoja niangalie."

Nikachungulia. Alikuwa anaangalia ukuta. Hatuna kalenda ukutani.

"Jumamosi nina nafasi," akasema, akakata.

Nikaja na mikono yenye povu. "Mama, nani huyo?"

"Mwenye ukumbi. Ule ulio juu ya duka la rangi. Watu wake hukaa jioni wanakula, anataka mtu wa kuwaimbia."

"Mpigie umwambie haiwezekani."

"Haiwezekani nini?"

"Bi Mvuke hayupo! Nilikubuni mimi! Ukipanda jukwaani atakuwa yupo, na akiwepo mimi nimetoka. Nimeshakueleza sharti."

Akaichomoa pasi ukutani. Mama mkwe akichomoa pasi kabla nguo haijaisha, ujue mambo ni mazito.

"Mkamwana, sikiliza. Nimeziimbia nguo tangu nilipokuwa msichana. Nguo hazipigi makofi. Leo mtu nisiyemjua amenipigia, ananiita Bi, ananiuliza kama nina nafasi. Halafu wewe uliyeniingiza kabatini unaniambia haiwezekani?"

Nikarudi jikoni kwenye vyombo vyangu. Mume wangu aliporudi nikamgeuzia yeye.

"Nani alikutuma kuisambaza?"

"Si umetengeneza watu waone?"

"Nilitengeneza watu wa kampuni waone!"

"Basi ungeitengeneza vibaya kidogo," akasema, akaenda kuoga.

Nilikaa kwenye meza ya chakula na kompyuta imefungwa. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kumnyamazisha mama mkwe, kuipeleka tovuti yake Jumatatu, na kuendelea kumsikia akipiga pasi huku nikijua nilichofanya. Ya pili, kumwacha aimbe, na mimi nianze upya kutoka sifuri siku zikiwa hazitoshi. Nilipoifungua kompyuta nilikuwa nimeshachagua. Kusikitika ningesikitika Jumanne.

Kwanza nilimpigia mwenye ukumbi. Nikamwambia ukweli wote kwa mkupuo: hakuna albamu, hakuna ziara, hakuna tuzo, ni mama mkwe wangu na hajawahi kupanda jukwaa lolote.

Akauliza, "Ule wimbo ni wa nani?"

"Wake."

"Na sauti?"

"Yake."

"Basi mimi nilisikiliza wimbo. Hizo albamu wala sikuzisoma."

Nikaufuta uongo wote kwenye ukurasa wa Bi Mvuke. Zikabaki picha, wimbo, namba ya simu na sentensi moja: Amepiga pasi maisha yake yote na anaimba. Kusema kweli ukurasa ulipendeza zaidi.

Ijumaa, watoto wakiwa shuleni, nikaanza mwanamuziki wa pili. Safari hii sikutaka sura ya mtu yeyote, maana sura nazo kumbe hupokea simu. Nikatundika sufuria zangu kwenye kamba ya nguo uani, nikazipiga picha dhidi ya anga, kisha nikazipiga na mwiko, moja moja, nikarekodi, nikazipanga kwenye kompyuta mpaka zikatoa mdundo. Jirani akachungulia ukutani.

"Shoga, kuna nini?"

"Kazi."

"Mimi nilidhani mumeo karudi."

Nikampa jina la Sufuria Saba: mpiga ngoma ambaye hajawahi kuonekana na mtu.

Jumamosi sikuwa nimemaliza, na mama mkwe hakutaka kwenda bila mimi. Nikabeba kompyuta. Mwenye ukumbi akanipa nafasi kwenye stoo, nikaiweka juu ya kreti za soda, mlango nusu wazi, nikawa naandika huku nachungulia. Mama mkwe alikuwa ameomba kitu kimoja tu, meza ya pasi. "Siwezi kuimba mikono mitupu," alimwambia mwenye ukumbi. Akawekewa, akaletewa na vitambaa vya meza vya ukumbi wenyewe.

Akaanza kupiga pasi. Watu waliendelea kula na kuongea, mmoja akacheka. Halafu akaanza kuimba, ile ile sauti ya chini, macho kwenye kitambaa, na maongezi yakapungua meza moja baada ya nyingine mpaka nikasikia mvuke wenyewe ukitoka. Alipomaliza alikunja kitambaa mara nne, akakiweka pembeni. Wakapiga makofi. Alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Akawatazama, akasema, "Asanteni. Endeleeni kula." Wakacheka, wakapiga tena. Mimi kule stoo nilikuwa nimeacha kuandika. Nilijifuta macho kwa mkono wa blauzi nikaendelea, kwa sababu kitufe cha Sufuria Saba kilikuwa hakijaenda popote.

Hicho ndicho kilichonisumbua mpaka Jumapili. Kitufe cha kumwalika mtu ambaye hayupo kifanye nini? Namba ya simu nilishajifunza. Kukiacha kimya ni kuvunja sharti langu. Nikakitengeneza.

Jumatatu tukakaa kwenye chumba chenye ukuta wa kioo. Wenzangu wote wawili walileta moshi. Zamu yangu ilipofika, mkurugenzi, mama mmoja wa makamo aliyevua viatu chini ya meza akidhani hatuoni, akaifungua tovuti kwenye simu yake. Akausikiliza mdundo wa sufuria, akatikisa kichwa kwa kufuata, akauteremsha ukurasa kwa kidole, akabonyeza "Mwalike". Akasoma kwa sauti:

"Sufuria Saba hayupo na hajawahi kuwepo. Ukitaka mwanamuziki aliyepo, bonyeza hapa."

Akabonyeza. Ukatokea ukurasa wa Bi Mvuke, na picha ya Jumamosi, ukumbi umejaa. Akabonyeza tena kabla sijasema neno. Simu ikaita.

"Bi Mvuke," ikajibu sauti ya mama mkwe, chumba kizima kikisikia. "Sema haraka, pasi iko moto."

"Aa... Jumamosi hii una nafasi?"

"Jumamosi hii imechukuliwa. Piga Jumatano tuone ijayo." Akakata.

Kijana wa fremu nyekundu akanyoosha kidole. "Huyu yupo! Nilisema akiwepo..."

"Huyu siye niliyemleta," nikasema. "Niliyemleta ni Sufuria Saba. Mtafute mpaka uchoke."

"Na huyu bibi ni nani?" mkurugenzi akauliza.

"Mama mkwe wangu. Alikuwa wa mtihani. Nilimbuni, tovuti ikampatia kazi kabla hamjaiona, ikabidi nianze mwingine Ijumaa."

"Ipi bora kati ya hizi mbili?"

"Ya Bi Mvuke. Hii ya sufuria nimeifanya haraka, rangi za chini bado sijaziridhia."

"Sasa kwa nini hukutuletea iliyo bora?"

"Mlisema asiwepo. Sasa yupo."

Kijana akaanza kusema kwamba mtihani ulikuwa na vigezo, kwamba kampuni inahitaji mtu wa mitindo ya kisasa. Nikaona muda unakwenda na nafasi yangu inakwenda nayo.

"Kabla hamjaamua," nikasema, "tovuti yenu kitufe cha 'Wasiliana Nasi' hakifanyi kazi. Nimekibonyeza wiki nzima. Sijui ni wateja wangapi wamekibonyeza wakaenda kwa wengine."

Mkurugenzi akachukua simu yake, akakibonyeza. Akasubiri. Akakibonyeza tena kwa nguvu, kana kwamba tatizo ni kidole. Kisha akamgeukia kijana, na kijana akaanza kufuta miwani yake.

"Unaweza kuanza lini?" mkurugenzi akaniuliza, huku akivaa viatu.

Nilianza siku ile ile, kwa kitufe kile. Meza waliyonipa iko karibu na choo, na mguu wake mmoja ni mfupi. Nilikunja karatasi ya masharti ya mtihani nikaiweka chini yake, ikatulia. Nikapanga kompyuta, kalamu, na kikombe ambacho mama mkwe alinifungia asubuhi ile kwenye kitambaa kilichopigwa pasi, kana kwamba alishajua. Saa ya chakula cha mchana, kijana wa fremu nyekundu akaja ameshika sahani, anatafuta pa kukaa.

"Samahani, dada, naomba usogeze kidogo nile hapa?"

"Hapana," nikamwambia.