Tisini kwa Tano

Dirisha la maabara lilikuwa halijafunguliwa, lakini fundi cherehani alishasimama hapo, kakumbatia jaketi la mumewe. Mume mwenyewe alikuwa kajikunja kwenye benchi, mkono tumboni. Mara mbili wiki hii walirudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu, na mara zote daktari hata uso hakuinua. Leo homa ilikuwa imepanda. Mke aliogopa kitu kimoja tu: warudishwe tena, mumewe amfie chumbani.

Damu ikachukuliwa, wakangoja. Mtaalamu wa maabara, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa plasta, alisoma majibu kisha akamwita mke dirishani.

"Dada, kipimo cha uvimbe wa ndani hatuna. Kemikali zimeisha miezi minne sasa, na barua tumeandika mpaka tumechoka. Ila kugawanya namba hakuhitaji kemikali."

Akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Chembe nyeupe za damu zinazotangulia vitani dhidi ya maradhi, tisini katika kila mia. Za aina ya pili, tano.

"Mtu mzima mwenye afya, hizi za kwanza huwa mara mbili au tatu ya zile. Za shemeji ni mara kumi na nane. Ugonjwa gani, sijui. Ila huyu si wa vidonge."

Fomu ya majibu haikuwa na nafasi ya hesabu hiyo, kwa hiyo akaiandika pembeni, akaizungushia duara. "Mwambie daktari asome hapa."

Daktari alisoma, akaacha kalamu, akambonyeza mgonjwa tumbo. Kabla ya adhuhuri mume alikuwa chumba cha upasuaji. Saa tisa muuguzi akaja kusema kidole tumbo kimetolewa, kilibaki kidogo tu kipasuke. Fundi cherehani alilia mbele za watu, wala hakuona haya. Kisha akarudi maabara kushukuru.

Alimkuta msimamizi, bwana mmoja aliyevaa tai, ameshika nakala ya ile fomu.

"Nani kakuruhusu kuandika kwa mkono kwenye majibu? Kesho nataka maelezo kwa maandishi."

"Utayapata," alijibu mtaalamu, macho chini.

Fundi cherehani akajipenyeza hadi dirishani. "Na mimi niandike maelezo, bosi. Mume wangu anapumua kwa sababu ya mwandiko huo. Ahsante sana, dada. Mungu akuzidishie."

Foleni nzima ilikuwa imesikia. Mzee wa mbele akapitisha karatasi yake ya majibu chini ya kioo. "Na mimi nigawanyie, binti yangu." Nyuma yake wengine wakaanza kukunjua zao.

Mtaalamu alimtazama msimamizi, akaivuta karatasi ya mzee, akaanza kugawanya.