Fungua, Tenga, Gawa

Bi Hayat alipikia shughuli za Temeke nzima, na sasa alitaka mtu wa kompyuta. Alimpa Eufrazia, binti wa Masasi mwenye diploma, jaribio moja: harusi ya Gongo la Mboto, Jumamosi. Wageni wangekula kwa sinia, watano watano, wanaume barazani na wanawake uani. Programu iseme nani ale na nani. Ikipanga vizuri, kazi ni ya Eufrazia.

Alichagua lugha ya kompyuta ambayo programu yake nzima huenea kwenye mstari mmoja. Kila familia aliitia kwenye kasha lake, na makasha yote ndani ya kasha moja kubwa. Kisha akaandika amri tatu, zote kwa Kiswahili, maana hakuona kwa nini mashine ya Temeke isemeshwe Kiingereza: fungua makasha ya familia, tenga wanaume na wanawake, gawa watano watano. Akaziunganisha kama zinavyotamkwa: fungua tenga gawa.

Bi Hayat alisoma matokeo jikoni, mwiko mkononi. Sinia ya kwanza ilikuwa na familia tano nzima, pamoja na watoto na wajukuu.

"Hawa watakula kwa zamu," alisema, "au mzee Walid atambeba mkewe mgongoni?"

Eufrazia aliona aibu. Lugha ile huanza kazi mwisho wa mstari, upande wa kulia. Gawa ilitangulia, ikakuta makasha bado yamefungwa, ikahesabu makasha badala ya watu. Hilo alifundishwa chuoni, lakini mkono uliandika kama mdomo unavyosema.

Akageuza: gawa tenga fungua. Safari hii hakuwa na shaka.

Kioo kikamjibu kwamba harusi nzima ni sinia moja, na wageni ni wawili: Wanaume na Wanawake.

Aliusoma mstari tena kutoka kulia. Mpangilio ulikuwa sahihi. Alizibadilisha nafasi tenga na fungua, wageni wakabaki wawili. Akafuta mstari, akauandika upya herufi kwa herufi, wageni wakabaki wawili. Hakujua tena kama amri inagusa kasha au kilichomo, na kila alipodhani amejua, matokeo yalimkana. Mwishowe aliitoa tenga kabisa. Zikatoka sinia za watano watano, safi. Akazipeleka haraka kabla hajazitilia shaka.

Mara hii Bi Hayat hakutania.

"Umemkalisha Hashil na mama mkwe wake," alisema taratibu. "Wachovye mkono sinia moja? Bora mama wa watu arudi kwao na njaa."

Eufrazia aliomba radhi, akasema atarekebisha, ingawa hakujua vipi. Bi Hayat alimweleza kwa upole wa mtu anayekaribia kukata tamaa: sie tukishatenga, kila upande unajigawa wenyewe.

Kila upande. Baada ya tenga kulikuwa na makasha mawili mapya, na gawa ilikuwa imesimama nje yake, ikihesabu mawili. Eufrazia alirudisha tenga, akabandika neno kila kulia kwa gawa, ili igawe ndani ya kila kasha. Sinia zikajipanga, barazani mbali, uani mbali. Moja tu ilipungua: ya mwisho ya wanawake ilikuwa na wageni wawili.

Alisubiri kufukuzwa.

Bi Hayat alichukua kalamu. "Hiyo huwa tunajazia sie wapishi," alisema, akaandika jina lake, la Yasmini wa mchuzi, na chini yake Eufrazia. "Utakaa karibu na mie. Unielezee kwa nini gawa iko mwanzo wa mstari na inafanya kazi mwisho."

"Ndiyo, mama," alijibu Eufrazia. Akaanza kujieleza kimya kimya, kutoka kulia, akapotea kabla ya kufika katikati.